Maji ya Radhi

Mimi ni mtu wa Kiwangwa. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu katika nyumba niliyoolewa ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza, na mengine yote yalifuata humo humo.

Kwetu mwanamke mwenye mimba hajilazi mchana. Mama yangu alinibeba tumboni akipalilia mananasi, na alipoinuka kunyoosha mgongo ilikuwa ni kutazama jua limefika wapi, si kutafuta wa kumwonea huruma. Nilipoolewa Bagamoyo mjini, kwenye nyumba kongwe ya mawe nyuma ya msikiti, nilikuta watu ambao mimba kwao ni amana ya kufichwa. Mwenye mimba ya kwanza hukaa ndani. Akilazimika kutoka, hujitanda buibui pana na kupita vichochoroni. Haulizwi miezi wala hasemi. Hasimami kizingitini, maana mtoto naye siku yake atakuja kusimama njiani. Na nanasi haligusi, kwa kuwa nanasi, wanasema, linatoa mimba.

Hilo la nanasi nililijibu siku ile ile niliyoambiwa. Nilisema kama nanasi lingekuwa linatoa mimba, Kiwangwa kusingekuwa na mtu hata mmoja wa kulilima. Mume wangu alicheka, akamwona mama yake, akaacha kucheka.

Mama mkwe wangu ni mwanamke mfupi, msafi, mwenye sauti ya chini ambayo haipandi hata akikasirika. Ukimsikia anazungumza polepole zaidi, ujue umemuudhi. Kabla ya kumpata mume wangu alizika watoto wawili wachanga. Mimba zote mbili, alinieleza mwenyewe, watu waliziona mapema. Jicho la mtu halina dawa, alisema. Nilimsikiliza kwa adabu na nilimwonea uchungu wa kweli. Lakini hofu yake ilikuwa yake, na mwili ulikuwa wangu.

Nilikuwa na kibanda cha mananasi karibu na stendi. Kaka yangu aliniletea mzigo kutoka shambani, mimi nikapanga, nikamenya, nikakata vipande vya kuuza kwenye vifuko. Mimba ilipoanza kuonekana niliambiwa nifunge kibanda. Sikufunga. Muuguzi wa kliniki alikuwa amenitazama miguu, akanipima presha, akasema mimba si ugonjwa: nisibebe vizito, nisijibweteke, nitembee. Basi kaka akawa anashusha mzigo mwenyewe, na mimi nikawa natembea.

Nilitembea kila siku baada ya swala ya alfajiri. Nilishuka ufukweni kwenye soko la samaki, nikafuata mchanga mgumu kwenda upande wa Kaole mpaka inapoanza mikoko, nikarudi. Wanawake wanaokaanga samaki walikuwa wanawasha majiko yao saa hizo. Waliniita mama kijacho, wakaniuliza nimeamkaje, na mmoja wao hakuniacha nipite bila kunifungia samaki kwenye gazeti. Kwa kweli nilizipenda zile asubuhi kuliko kitu chochote nilichopata kuwa nacho. Mtoto alikuwa anatulia nikitembea, nikikaa anaanza kupiga mateke.

Mama mkwe aliningoja ukumbini.

"Mwanangu," alisema polepole sana, "tumbo hilo unalitembeza, au unalinadi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Nikamwonyesha samaki. "Mama, mgaagaa na upwa hali wali mkavu."

"Humu ndani wali haujapata kuwa mkavu," alisema, akamchukua samaki akaenda naye jikoni. Samaki tulimla, na maneno yakaendelea.

Mume wangu ni fundi wa kuchonga milango. Anaweza kukaa wiki nzima na ua moja la mninga, na hataki ugomvi na mtu. Nilimwambia aseme na mama yake. Akasema mama ni mama. Nikamwambia na mimi karibu nitakuwa mama, sijui siku hiyo atasema nini. Akaendelea kupiga msasa.

Nilitaka jambo moja tu, na nililisema wazi kwa kila aliyenisikiliza: nimzae mwanangu kwa nguvu zangu, kama mama yangu alivyonizaa. Nisikatwe. Pale mtaani aliyepasuliwa huwa hasemwi kuwa amejifungua. Husemwa amefanyiwa. Niliyasikia hayo kibandani kwangu, wanawake wakingojea chenji, wakimzungumza mwenzao aliyekuwa bado wodini. Walimsema kama mtu aliyefaulu mtihani kwa kuibia. Mimi sikutaka kusemwa hivyo, na niliamini miguu yangu ndiyo itakayoniokoa.

Mwezi wa mwisho mama mkwe alisimama mbele yangu, akanizuia kabisa. "Nimekukataza kwa wema, hukusikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ikifika, usiseme sikukwambia."

"Miguu yangu mizima, mama," nilisema, nikapita pembeni yake. Hilo nililisema mbele ya shangazi wa mume wangu, na kwa mkwe kuvunjiwa neno mbele ya wifi yake ni jambo kubwa. Nalijua. Nililijua hata pale.

Uchungu ulinianza kibandani asubuhi, namkatia mteja nanasi. Nikamalizia kukata, nikamfungia, ndipo nikampigia mume wangu simu. Hospitali nilikwenda na bodaboda aendaye taratibu, mume wangu akitufuata nyuma na beseni na kanga. Manesi walinipokea vizuri. Waliniruhusu kutembea ukumbini, nikatembea. Uchungu ukija naegemea ukuta, ukiondoka nasonga mbele. Mwanzoni nilijisikia hodari. Niliwatazama wenzangu waliolala nikajiona mimi ndiye niliyejiandaa, na hata sasa sioni haya kusema hivyo.

Mchana ukapita. Wenzangu waliolala walijifungua mmoja baada ya mwingine. Mimi nikabaki nazunguka. Mkunga alinipima, akasema njia imefunguka nusu, ikasimama hapo. Jua lilipoanza kuinama nilikuwa siwezi tena kunyanyua mguu.

Saa ya kuona wagonjwa akaingia shangazi. Alikuwa na chupa ya uji na, ndani ya kanga, chupa nyingine ndogo ya maji. Nilijua ni nini kabla hajaifunua. Pwani, uzazi ukikwama, huulizwa mzazi amemkosea nani. Aliyekosewa husukutua maji kinywani, akayarudisha chomboni, akatamka kuwa ametoa radhi. Mwenye uchungu akayanywa, na mtoto akafunguliwa njia. Wengi watakuapia kuwa wameona kwa macho yao. Lakini maji peke yake hayatoshi. Kwanza lazima ukiri kosa.

Shangazi alitoa simu, akampigia mama mkwe, akaiweka karibu na mdomo wangu. "Mama yako yupo hewani, anasikia. Sema tu, mama nimekosa, nisamehe. Kisha unywe."

Kosa lenyewe hakulitaja. Lilikuwa ni kutembea. Lilikuwa ni kibanda, na samaki, na mikoko, na asubuhi zangu zote.

Nataka nieleweke. Nilikuwa na maumivu ambayo sijapata kuyaona kabla wala baada. Kama shangazi angeniambia nikiri kuwa nimeiba ng'ombe, pengine ningekiri. Lakini kusema kuwa nilimkosea mwanangu kwa kumtembeza pwani, hilo lilikataa kutoka. Niliishika ile simu mwenyewe.

"Mama," nilisema, "niombee dua. Kosa sina."

Nilisikia tasbihi yake tu, punje zikigongana, kisha simu ikakatika. Shangazi aliirudisha chupa ndani ya kanga kana kwamba kuna mtu angeiiba, akaondoka bila kuniaga.

Muda si mrefu daktari akaja. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, uso ameuelekeza juu, na mapigo ya moyo wake yalikuwa yanashuka. Akasema tusingoje. Nilitia sahihi mimi mwenyewe. Nililia wakati wananisukuma kwenda chumba cha upasuaji, na sikulia kwa ajili ya kisu. Nililia kwa kuwa nilijua yatakayosemwa, na mdomo upi utakuwa wa kwanza.

Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Yaliyosemwa yalikuwa kama nilivyotarajia, ila yalitoka pande mbili. Mjini walisema nimejipasulisha kwa kutembea, kisha nikaikataa radhi kwa kiburi, na Mungu akanionyesha. Halafu mama yangu akaja kutoka Kiwangwa na kuku na unga wa muhogo. Alimpakata mtoto, akamsomea, kisha akanitazama kwa masikitiko. "Kwetu hajapasuliwa mtu," alisema. "Mji umekulegeza. Ulikuwa unakaa sana." Nilicheka mpaka mshono ukanichoma. Nilikuwa nimepatikana na hatia mbili zisizoweza kukaa kwenye mwili mmoja, na wote walioshtaki walikuwa na hakika.

Wageni walikuja kutazama mtoto. Mwanamke aliyejifungua huambiwa hongera. Mimi niliambiwa pole. Walinipa pole mkononi pamoja na sabuni na kanga, mmoja baada ya mwingine, na nikawa naitikia nimeshapoa huku moto unaniwaka. Mpaka alipokuja bibi mmoja jirani, mtu mzima wa heshima zake, akakaa kitini, akatazama ukuta, akasema kana kwamba hazungumzi na mtu, "Haya, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

"Bibi, shikamoo yako iko pale pale," nilisema. "Lakini mimi uchungu nimekaa nao kutwa, na kisu juu yake. Huyu mtoto hakuokotwa. Nimezaa. Ukipenda unipe hongera, usipopenda, chai hiyo hapo."

Mama mkwe ndiye aliyekuwa anamimina chai. Nilingoja anikemee mbele za watu, na ilikuwa haki yake. Alimpa bibi kikombe, akaongeza sukari bila kuulizwa, akakaa.

Siku zile za arobaini alinihudumia yeye, na sitamnyima lake. Muuguzi alikuwa amekataza nisikandwe tumbo kwa maji ya moto kama wanavyokandwa wazazi wote wa pale nyumbani. Hilo lilimkera sana mama mkwe, kwa sababu alikuwa tayari amechemsha maji. Akasimama na taulo lake linalofuka mvuke, akawaza, kisha akapiga magoti akaanza kunikanda miguu. Alianzia nyayo, akapanda taratibu. Alipofika kwenye vigimbi akabonyeza, akabonyeza tena.

"Ina misuli hii," alisema. Sikujua kama ananisifu, nami sikuuliza.

Ile chupa ya maji hatukuitaja tena, yeye wala mimi. Najua alichoamini, kwa sababu watu wa nyumba moja hawafichani. Anaamini ningekunywa, mtoto angetoka njia yake. Mimi naamini mtoto alikuwa ametazama upande asiotakiwa, basi. Kutembea hakukunipa nilichokitaka, na sitamdanganya mtu kuwa kulinipa. Kulinipa zile asubuhi. Kulinipa pumzi ya kuegemea ukuta kutwa nzima na bado nikaweza kusema hapana. Wanaoapa kuwa mwanamke akitembea vya kutosha hakatwi, nawakatalia. Na wanaosema kuwa aliyekatwa hakuzaa, hao nawakatalia zaidi.

Sasa nina mimba nyingine. Daktari amesema safari hii tutaona. Pengine nitasukuma, pengine kitarudi kisu pale pale. Nimemwambia sawa. Kwa njia yoyote atakayotokea, hongera yangu nitaidai. Kibanda kiko wazi, na nanasi nakula.

Juzi nilichelewa kutoka. Jua lilikuwa limeshatoka nilipomaliza kumvalisha mtoto na kumwacha kwa baba yake. Nilipofika mlangoni nilimkuta mama mkwe amesimama kizingitini, pale pale ambapo mwenye mimba hasimami. Mkononi alikuwa na chupa ndogo ya maji.

"Chukua," alisema.

"Ya nini, mama?"

"Umechelewa. Jua litakukuta njiani."

Niliitazama chupa. Kifuniko kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa tena. Nikamtazama yeye, naye akanitazama, na hakuna aliyepepesa.

"Umeyasukutua?"

"Kunywa, au acha," alisema, polepole sana.

Niliifungua hapo hapo. Nilisimama naye kizingitini, tumbo langu likiwa katikati yetu, mtaa unatuona, nikanywa mpaka tone la mwisho huku nikimtazama machoni. Kisha nikamrudishia chupa tupu, nikashuka ngazi kwenda ufukweni. Nilikunywa kwa sababu nilikuwa na kiu. Kosa sina.