Cherehani Isiyokatika

Krrr, krrr, kisha kimya. Mbeyu anaukumbuka mlio huo wa cherehani iliyokatizwa njiani tangu bintiye Nyamvula aanze ushonaji hapa Kisauni. Nyamvula angeanza mshono, akamsikia muuza maji akipita, akatoka. Huko nje angeona nguo kambani, akaanua nusu. Wateja walicheka, kisha wakahama.

Mwaka huu daktari akaipa hali yake jina: upungufu wa umakini. Akampa vidonge vya kujaribu, awe anarudi kuangaliwa.

Cherehani sasa ilinguruma asubuhi nzima, na hilo ndilo lililomtia Mbeyu wasiwasi. Mtu gani huyu habanduki kitini? Akaanza kumchungulia. Akaona sahani ya mchana imerudi na wali wake. Akaona binti amekonda, hacheki ovyo kama zamani. Mtaani aliwahi kuwaona vijana wakianza hivyo hivyo, wakaishia mateja.

"Nyamvula!"

"Abee, mama."

"Dawa hizo za ugonjwa gani? Marehemu baba yako alikuwa hivyo hivyo, na hakumeza kitu."

"Na hakudumu katika kazi yoyote, mama. Wajua."

"Usimguse babako!"

Nyamvula alipokwenda kuoga, Mbeyu akavifunga vidonge kwenye pindo la leso yake. Binti akavitafuta kila mahali, akajilaumu. Kupoteza vitu ndiyo kawaida yake. Mama akaikaza leso kiunoni.

Krrr, kimya. Moyo wa Mbeyu ukatulia. Mwanawe amerudi: anakula, anaimba, anatoka nje bila sababu.

Jumamosi akaja Dorothy, kiongozi wa kwaya, kuchukua joho la kwanza. Akilipenda, Nyamvula angeshonea kwaya nzima. Dorothy akalinyanyua, akaligeuza, akaangua kicheko.

"Fundi, nani kwetu ana mikono miwili ya kulia?"

"Nitarekebisha, dada. Leo leo."

"Hapana, mpenzi. Nipe tu kitambaa kilichobaki."

Akaondoka nacho chote kwapani.

Mbeyu hakujua mkono wake ulifika saa ngapi kwenye fundo la leso. Nyamvula aliuona. Akalitazama fundo, akamtazama mama. Mbeyu akajikaza kungoja makelele.

"Twende wote kwa daktari, umuulize unayoyaogopa," Nyamvula alisema. Kisha akainamia cherehani, sauti yake ikawa ndogo kama ya mtu anayeongea na uzi.

"Lakini mama, nilipokuwa navimeza, nilikuwa nakusikia mpaka unamaliza kusema."