Uzito wa Baba Mteremkoni

Baba yangu hakutakiwa kukosa hata zamu moja ya kusafishwa damu. Muuguzi aliniambia hivyo siku ya kwanza kabisa, akiwa amenishika mkono utadhani mgonjwa ni mimi. Mara tatu kwa wiki, asubuhi, alale kando ya mashine, atolewe maji yaliyomjaa, kisha arudi nyumbani. Akikosa, maji yanabaki mwilini, yanajaa miguuni na tumboni, mwishowe yanaingia kwenye mapafu. Muuguzi aliongea taratibu ili nielewe. Nilielewa, lakini nilichokuwa nawaza muda wote ule ni petroli.

Tunakaa Buhongwa. Hospitali iko juu ya mlima katikati ya mji, na aliyeamua ikae kule bila shaka alikuwa na gari la serikali. Mimi ni dereva wa bajaji, mwanamke wa makamo, mwenye mdomo kama wanavyosema wenzangu kijiweni. Wakati ule bajaji yangu ilikuwa ya petroli. Kila mwanzo wa mwezi bei mpya ilipotangazwa, kijiwe kizima kilinyamaza kusikiliza redio, halafu tukaanza kutukana kwa pamoja. Bei ikipanda, inapanda siku hiyohiyo. Ikishuka, unaambiwa mafuta yaliyopo kituoni bado ni yale ya bei ya zamani. Na abiria naye hataki habari. Ukimwomba aongeze nauli kidogo anakuuliza kama yeye ndiye mwenye kisima.

Ndiyo maana dereva wa Mwanza anazima injini mteremkoni. Mji wetu ni vilima na mawe, ukimaliza kupanda unaanza kushuka. Ukifika juu unazima, unaweka gia huru, unaserereka kimya mpaka mwendo uishe, ndipo unawasha tena. Wageni wanashika vyuma na kuomba Mungu. Sisi tumezoea. Mimi nilifundishwa kuserereka kabla sijafundishwa kurudi nyuma. Kutoka getini pa hospitali hadi barabara kuu sikuwahi kuchoma hata tone moja, na mkono ulishazoea kuzima bila kuniuliza.

Lakini kupanda hakuna ujanja. Kila nilipompandisha baba kwenye ule mlima nilisikia injini inavyokunywa, na nilijua kinachonywewa ni chakula cha nyumbani. Nilipeleka abiria usiku na mchana ili nipate mafuta ya kumpeleka baba, na nikimpeleka baba nakosa abiria. Nilizunguka hivyo mpaka nikakonda. Mwishoni niliuza bajaji, nikaongeza pesa za shamba la marehemu mama, nikaenda kununua ya umeme.

Muuzaji alikuwa amevaa tai. Alizunguka bajaji akiipapasa na kutaja vitu isivyo navyo: haina petroli, haina oili, haina plagi, haina kelele. "Unachomeka ukutani kama simu, mama, basi. Umewasahau watu wa vituo vya mafuta."

Baba alikuja nami siku hiyo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akasikiliza mpaka yule wa tai akamaliza. Kisha akainuka, akainama chini ya siti na kunusa.

"Haina harufu," akasema, akionekana kusikitika.

Nilijua anatafuta harufu gani. Baba aliendesha chombo cha umeme kabla hata mji huu haujajua neno hilo. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa foko kwenye kiwanda cha samaki kando ya ziwa, ile mashine yenye uma mbele inayonyanyua mizigo. Foko yao ilikuwa ya betri, kwa sababu moshi haukuruhusiwa kwenye minofu iliyokwenda kwa Wazungu. Betri yenyewe ilikuwa kubwa kama jeneza la mtoto, na zamu ikiisha baba aliichomeka, akaiongezea maji, akaipangusa. Suruali zake zote zilinuka tindikali ya betri, na zilikuwa na vitundu vidogo vidogo vilivyochomwa nayo. Tulipokuwa wadogo tuliona aibu kutembea naye kwenda kanisani, watoto wenzetu walituuliza kama baba yetu anapigana na panya. Na baada ya kuendesha umeme siku nzima alirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu nauli ilikuwa ya mboga. Sangara walipopungua kiwanda kikapunguza watu, na foko ile ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Baba alikwenda kuiona ikipakiwa. Sijui alikwenda kufanya nini.

Basi, aliipenda bajaji yangu. Alikaa nyuma akisikiliza ule mlio mwembamba, akitabasamu. Miezi ya mwanzo nami nilipumua. Wenzangu kijiweni walinicheka, wakaiita pasi ya umeme, lakini siku ya bei mpya walinyamaza wakanitazama kwa wivu, na nilihakikisha wananiona nikila chapati.

Furaha ile haikudumu. Umeme wa Buhongwa unakatika unavyotaka. Kuna asubuhi niliamka nikakuta bajaji haikula kitu usiku kucha. Kifaa kidogo kikiharibika hakipo Mwanza, kipo Dar, na Dar nako kinasubiri meli. Fundi wa chini ya mti ambaye zamani alinitengenezea kila kitu kwa spana moja sasa alifungua kifuniko, akatazama nyaya, akafunga. "Dada, hii nikiigusa nitaiua," alisema. Hata kupanda kwa petroli kulinifuata huku. Petroli ikipanda, unga unapanda, tairi zinapanda, na abiria anaanza kutembea kwa miguu. Nilitoka kwenye vituo vya mafuta, lakini sikutoka kwenye bei yake.

Siku moja tulikuwa tunatoka hospitali, tukibishana. Baba alitaka chumvi kwenye ugali wa jioni, na chumvi alikatazwa. Nilikuwa nimegeuza shingo nikimfokea hata nikasahau kuzima pale juu. Tukaanza kushuka taa zote za dashibodi zikiwaka. Baba, aliyekuwa ameinama mbele ili anijibu, akanyooshea kidole dashibodi.

"Mayu," akasema. Aliniita hivyo, kama Wasukuma tunavyomwita mama, tangu mama yangu alipofariki. "Tazama namba yako."

Namba ya chaji ilikuwa imepanda. Kwa moja tu, lakini nilikuwa naijua namba ile kuliko uso wangu, na haikuwahi kupanda barabarani. Nilisimama pembeni tulipofika chini. Baba alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Ikiwa inashuka huku imewashwa, alisema, magurudumu yanazungusha mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri. Kumbe kila niliposerereka nimezima, nikijiona mjanja, nilikuwa namwaga barabarani kile ambacho mlima ulitaka kunirudishia. Nilikasirika nikapiga usukani kwa ngumi. Yule wa tai alinitajia vitu vyote isivyo navyo, hiki ilicho nacho hakunitajia. Na dereva gani wa mji huu angedhani kuwa kuzima ndiko kunakomaliza chaji?

Tangu siku hiyo mteremko ule ukawa mchezo wetu. Tukifika juu baba alijisogeza mbele, akashika chuma, macho kwenye dashibodi. Siku nyingine namba ilipanda, siku nyingine iligoma. Yeye alikuwa na maelezo yake: mzigo ukiwa mzito ndipo bajaji inarudisha zaidi. Aliamini ni yeye anayenichajia. Ikigoma aliwalaumu wauguzi.

"Wamenitoa maji mengi leo," alisema. "Wamenipunguza, ndiyo maana. Waambie waniache na kilo mbili tatu, tupate umeme."

Nilicheka, lakini suruali zake zilikuwa zinamvuka kiunoni na uzito wenyewe haukuwepo.

Kisha ikaja ile wiki. Petroli ilikuwa imepanda tena, na kwetu umeme ukakatika tangu mchana hadi asubuhi yake. Niliamka nikakuta chaji haifiki hata nusu ya nusu. Mwenye mashine ya kuchomelea jirani yetu alikuwa na jenereta, lakini haikuwa na mafuta, na kwa bei ile hakuwa na mpango wa kununua. Miguu ya baba ilikuwa imevimba mpaka kandambili hazikumwingia. Nilimfunga kitenge miguuni, nikamketisha kwenye bajaji, kandambili nikaziweka kando yake.

"Shikamoo baba," nilisema, maana kwa haraka zile nilikuwa sijamwamkia.

"Marahaba. Tutafika?"

"Tutafika."

Nilizima kila kinachozimika. Niliendesha polepole mpaka baiskeli zikanipita pale Butimba. Mkuyuni ziwa likatokea upande wa kushoto, zuri sana, limetulia, nami nikalichukia. Maji yote yale, na mimi ndani ya bajaji nina mzee anayezama kwenye maji ya mwili wake mwenyewe.

Tulianza mlima namba ikiwa imebaki ndogo kabisa. Bajaji ilipanda ikilegea, ikilegea, na kwenye kona ya katikati ikasimama. Nilivuta breki, nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Mwenye teksi aliyesimama alitaja bei nikadhani ananitania. "Mafuta, dada," alisema bila ubaya, "na mimi nina mlima huohuo." Akaondoka. Pikipiki baba hakuweza kuikalia, miguu haikukunjika.

Nilianza kusukuma mwenyewe. Baba akawa anajivuta kwenye ukingo wa siti.

"Nishuke, mayu. Mimi ndio mzigo. Mteremkoni nakulipa, mlimani nakufilisi."

"Kaa!" Nilimfokea mbele za watu. "Kaa hapohapo usinichanganye!"

Akakaa. Alikuwa hanisikilizi kamwe, lakini siku ile alinisikiliza. Akina mama wawili waliokuwa wanashuka na mabeseni ya dagaa waliyatua chini ya ukuta, wakaja kusukuma, mmoja upande huu, mwingine ule. Akaongezeka mwanaume mwenye shati la kazini. Tulipumzika, tukasukuma, tukapumzika. Kila tulipopumzika nilichungulia ndani nikaona anavyovuta pumzi mdomo wazi. Tulipofika getini baba aliwashukuru wale watu kwa Kisukuma, "Wabeja sana," na sauti yake haikutoka vizuri. Wale mama wakarudi kutafuta dagaa wao.

Zamu ilikuwa imeanza. Nafasi yake alikuwa amepewa mtu mwingine aliyesubiri koridoni tangu alfajiri, na mtu huyo alikuwa tayari ameunganishwa, damu yake inazunguka kwenye mipira. Ningemtoa? Muuguzi alikimbia huku na huku, akapiga simu, akarudi, akasema akitoka wa kwanza ataingia baba. Walimlaza kwenye kitanda cha pembeni na kumwekea hewa ya oksijeni.

Mimi nilitoka nje. Mlinzi wa getini alinionea huruma, akaniruhusu nichomeke bajaji kwenye soketi ya kibanda chake. Nilirudi ndani kukaa na baba. Baada ya muda nilitoka tena kutazama, na namba ilikuwa inapanda vizuri, bila tatizo lolote. Bajaji ilipata umeme na baba alikuwa bado hajapata mashine. Nilisimama pale kwenye jua nikaiangalia ile waya nyekundu iliyoingia ukutani, nikataka kuing'oa, sikujua kwa nini. Sikuing'oa.

Hakuna aliyetoka mapema. Baba alifariki adhuhuri, akiwa ameshika kona ya kitenge changu, kabla mashine haijawa wazi. Maneno yake ya mwisho kwangu yalianza kwa swali. Aliuliza kama nimepata pa kuchajia.

"Nimepata," nilimwambia.

"Ah, basi," akasema.

Watu wananiuliza kama bado naiendesha ileile. Naiendesha. Ningeiacha ningekula nini? Petroli imeendelea kupanda, na sasa kijiweni tuko watatu wenye za umeme, mimi na wawili wa wale waliokuwa wananicheka. Nimewafundisha wasizime mteremkoni. Mara ya kwanza hawakuamini, walidhani nawatakia hasara.

Lakini ninachokumbuka ni jioni ya siku ileile, nilipotoka getini peke yangu kwenda kuwaambia ndugu. Kwenye siti ya nyuma kulikuwa na kandambili zake ambazo hazikumwingia asubuhi. Nilifika pale juu. Mkono wangu ukaenda kuzima, nikauzuia. Nikaiacha ikiwaka, nikaanza kushuka huku nimekodolea macho namba, taratibu, mpaka kule chini barabara kuu. Haikupanda.

Najua bajaji tupu ni nyepesi. Najua hata akiwemo kuna siku iligoma. Niligeuza palepale huku magari yakinipigia honi, nikapanda mlima wote tena, nikateremka tena. Namba ikawa imeshuka kwa sababu ya kule kupanda, na wakati wa kuteremka ikabaki palepale ilipokuwa.