Mabega ya Kiwandani

Filomena Mkude alikuwa mwaka wa tatu akishona magunia katika kiwanda kimoja cha Morogoro, na alijiona hana mtu pale. Chakula alikula peke yake, nyuma ya ghala. Aliyemsemesha kila asubuhi ni Salehe, kuli wa malori, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wake yeye Mluguru. Salehe hudai Waluguru wana mguu mmoja mfupi kwa kulima miteremkoni. Filomena humjibu kwa neno moja tu, mpagazi, kwa vile babu zake Salehe walibeba mizigo ya misafara ya kale.

Baba yake alipofariki hospitalini, mvua zikiwa zimepamba moto, Filomena alimwarifu msimamizi, akapewa ruhusa na gari. Kisha akamwambia Salehe, maana mtani hafichwi msiba. Mzee aliacha wasia mmoja: azikwe juu ya Kinole, walikolala wajomba zake.

Asubuhi iliyofuata gari lilifika pale ambapo udongo wa mlima ulikuwa umeimeza barabara. Mbele palibaki njia ya miguu, tope na mwinuko. Dereva akazima injini. Kaka zake wawili wakalitazama jeneza, wakatazamana, na mkubwa akanong'ona kwamba labda baba azikwe hukohuko bondeni. Filomena aliyatazama mabega yao, akautazama mlima.

Ndipo watu wa kiwandani, Salehe mbele, walipoanza kutoka kwenye banda la wauza ndizi. Mafundi wa mitambo. Walinzi waliotoka zamu, makoti bado mwilini. Rosa wa uhasibu, ambaye Filomena hakuwahi kusalimiana naye, viatu mkononi. Salehe alikuwa amemwambia mama wa chai, mama wa chai akawaambia mafundi, mafundi hucheza mpira na walinzi, na mke wa mlinzi mmoja yumo kwenye kikoba kimoja cha kuweka akiba na Rosa. Ofisini kuna ubao wenye mishale ya nani yuko chini ya nani. Hakuna mshale uliopita njia hiyo.

Wakalipokezana jeneza, bega kwa bega, hadi mawinguni. Filomena alifuata nyuma, akiyahesabu mabega.

Kaburini, Salehe akatangulia kushuka shimoni, akalala chali.

"Sitoki," akasema. "Mluguru huyu alikuwa mchoyo. Nipewe mkungu wa ndizi kwanza."

Waombolezaji wakaangua kicheko. Wote wakamgeukia Filomena.

"Toka, mpagazi we," akasema, machozi yakimtiririka. "Mzigo umeshafika. Mkungu utaupata."

Salehe akavutwa mkono, akatoka. Baba akashushwa, akalala kando ya wajomba zake.