Upande wa Kulia wa Mlango

Katapila la Thadeo Nyamhanga lilikuwa la manjano zamani. Kufikia mwaka wa 1984 rangi iliyobaki mwilini mwake ilikuwa ya kutafuta, betri ilikuwa ya kuazima, na kiti cha dereva kilikuwa gunia la pamba lililojazwa majani. Mwenyewe alilipenda kupita kiasi. Watu wa Bugwema walimtania kwamba Pelagia, mkewe aliyebaki mjini Kigera, angezaliwa wa chuma labda naye angepakwa grisi kila asubuhi. Thadeo alicheka sana. Alikuwa mtu wa kucheka wakati ule.

Kazi iliyompeleka Bugwema ilikuwa kujaza bonde. Njia ya kwenda Musoma ilishuka humo, na masika yakianza maji yalijaa, kijiji kikabaki upande wake na hospitali upande wake. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyefia ukingoni pale. Wa Thadeo alikuwa mama yake mzazi. Masika ya 1979, Thadeo akiwa vitani Kagera, mama alishikwa na tumbo. Wakambeba juu ya kitanda hadi kwenye maji, wakakaa kungoja yapungue. Hayakupungua. Habari ilimfikia Thadeo mama ameshazikwa. Kwa hiyo aliposikia ofisini kwamba bonde la kwao litajengewa tuta, aliomba kazi ile kwa namna ya kutia aibu. Mtu mzima yule karibu apige magoti.

Mkuu wa kazi alikuwa Injinia Wenceslaus, kijana mpole, mwenyeji wa Butiama, ambaye hakuona haya kuuliza asilolijua. Tatizo lake lilikuwa dizeli. Dizeli ya miaka ile, jamani! Ilisimuliwa zaidi ya kuonekana. Alipewa mapipa machache na kuambiwa wazi kwamba hakuna mengine, yakiisha kazi iishie hapo ilipo. Na kujaza bonde kunataka udongo mwingi kuliko macho yanavyokubali, kwa sababu udongo ukichimbwa hufura, unauona mlima mzima, halafu ukishindiliwa unanywea na kukuacha na shimo lako.

Mpango wa kwanza ulikuwa kukata kilima kilichoko mbali, nyuma ya shule. Injinia na Thadeo walikaa chini, wakapiga hesabu mpaka wakachoka, na kila walivyopiga mapipa yaliisha tuta halijafika nusu. Katapila si lori. Ukilisukumisha udongo safari ndefu, mwingi unamwagika pembeni, nalo linarudi tupu likinywa mafuta yale yale.

"Tukate pale," Thadeo alisema mwishowe, akionyesha mwinuko uliokuwa juu kidogo ya bonde. "Ni karibu, na tunasukuma kwa kuteremka. Kupanda tunapanda bila mzigo."

"Pale si mahame ya watu?"

"Ya kwetu. Tulikuwaga pale kabla ya Operesheni ya vijiji."

Injinia akautazama mwinuko. "Kuna kaburi?"

"La mama tu, walimrudisha kwake kumzika. Baba alifia Buhemba kwenye machimbo, akazikwa huko huko. Mama yuko kushoto kwa mlango. Tutakata upande wa kulia, kushoto hatugusi."

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, na mtu yeyote wa ukoo wake angesema vile vile. Mwanamke wa kwao huzikwa kushoto kwa mlango wa nyumba yake, mwanamume kulia. Hawawekei msalaba wala jiwe. Wanasawazisha udongo na kuacha majani yaote, maana wa nyumbani wanajua na mgeni hana haja ya kujua. Nyumba ilishabomolewa, lakini kizingiti cha mlango kilikuwepo bado. Thadeo alisimama juu yake, akalitazama bonde, akanyoosha mkono wa kushoto. Akaenda kupiga vigingi kuzunguka upande ule wote, akafunga kamba, akapiga na ishara ya msalaba. Kisha akapanda katapila lake.

Ilikuwa kazi tamu. Udongo wa upande wa kulia ulikuwa mwekundu, mkavu, wenye changarawe, ule ule ambao wajenzi wa barabara huuota usingizini. Alikata tabaka kwa tabaka, akisukuma kuteremka, mzigo mzima ukifika chini bila kumwagika. Alitandaza, akashindilia kwa kupita na kurudi, akatandaza tena. Tuta likaanza kuonekana. Injinia alipima mafuta kwa kijiti, akatabasamu. Watu walikuja kutazama na watoto wao.

Aliyechelewa kuja alikuwa Wankyo, dada yake mkubwa, mjane aliyeishi mbali, upande wa pili wa kijiji kipya. Alisikia kwamba mahame yanakatwa, akaambiwa anayekata ni Thadeo, akatulia. Ndugu yake wa tumbo moja angeukaribiaje mlango wa mama yao? Alikoroga uji wa ulezi, akautia kwenye kibuyu na kumpelekea.

Alipofika juu ya mwinuko, kibuyu kilimtoka mkononi.

Thadeo alimwona anakimbia mbele ya katapila amenyanyua mikono. Akazima injini. "Dada, utakufa! Nini?"

"Mama yuko wapi?"

"Si yule pale. Tazama, nimemzungushia kamba."

"Hayuko pale!" Wankyo alipiga ukelele ambao wachota maji walisikia hadi kisimani. "Tulichimba pale, shimo likajaa maji. Tukichota yanarudi. Ungemlaza mama kwenye maji wewe? Maji ndiyo yalimuua! Wazee wakasema tumlaze kulia, kwenye udongo mkavu."

Thadeo hakuelewa kwanza, kisha akaelewa yote. "Mbona hamkuniambia?"

"Tungesemaje? Kwamba mama yako tumemlaza upande wa wanaume? Ulikuwa vitani. Ukarudi umekonda, hulali. Nikasema nitamwambia mwakani. Kila mwaka nasemaga mwakani."

Udongo mkavu. Sababu iliyowafanya wazee wamlaze kulia ndiyo hiyo hiyo iliyomfanya Thadeo akate kulia. Alishuka kwenye katapila. Akaenda kusimama mahali palipokuwa na upande wa kulia wa mlango, akakuta ni hewa tupu na ardhi iliyokwanguliwa ikawa laini, kazi safi ya mkono wake mwenyewe. Mama alizikwa kwa mkeka na blanketi, kwa sababu mwaka ule hata sanda haikuonekana madukani. Jeneza lingegonga bapa la chuma la katapila, angesikia. Mkeka haugongi.

Alishuka bondeni na jembe. Alianza kuchimba tuta alilolishindilia mwenyewe kwa uzito wa mashine nzima, na jembe likarudi juu kila alipopiga. Wankyo alichimba kando yake kwa kipande cha kigingi. Walichimba mpaka viganja vya Thadeo vikachubuka, hawakupata hata uzi wa blanketi. Udongo wote ulikuwa mmoja, mwekundu, na tuta lilikuwa refu.

Injinia Wenceslaus alikuja akachuchumaa karibu yao. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mzee Thadeo, mafuta yaliyobaki yanatosha kitu kimoja. Kulifumua tuta tumtafute, au kuziba pengo lililobaki. Mawingu haya unayaona. Mimi siwezi kukuamrisha. Utakalosema, nitasaini mimi."

"Mtoe," Wankyo alisema. "Mtoe mama humo, Thadeo. Watu watamkanyaga. Ng'ombe watamkanyaga."

Thadeo alitazama pengo. Lilikuwa pale pale ambapo kitanda cha mama kiliwekwa chini kungoja maji. Akiliacha wazi, masika yangeingia, yangelila tuta na mama ndani yake, na mwaka ule ule kitanda kingine kingewekwa chini mahali pale. Akilifumua, angeupindua udongo huku na huku na labda asimwone, kwa kuwa hakujua ni mzigo upi uliomchukua. Aliukata moyo wake vipande viwili pale, na hakuna kipande kilichomfaa.

Alirudi kwenye katapila. Alipowasha injini, Wankyo alikaa chini akajifunika kanga kichwani. Thadeo aliziba pengo akilia kwa sauti, na hakuna aliyemsikia kwa kelele ya mashine.

Masika yalikuja na tuta halikuyumba. Watu walilisifu. Malori yaliyokuja kuchukua pamba yalipita juu yake bila kupunguza mwendo, na kila Thadeo alipoyaona alikata shauri la kutotazama, akatazama. Aliacha kucheka. Pelagia alijaribu kumsemesha, akachoka. Wankyo hakulikanyaga tuta hata siku moja. Akienda mnadani alishuka pembeni, akavuka kwenye maji yaliyomfika kiunoni, mzigo kichwani, wakati wenzake wakipita juu na viatu vyao vikavu. Yeye na ndugu yake hawakusemeshana tena.

Masika yaliyofuata, wiki ya Pasaka, Wankyo alishikwa na tumbo. Thadeo alikuwa Bugwema kwa likizo. Wakambeba juu ya kitanda, Thadeo akiwa ameshika mguu wa mbele, hadi kwenye tuta. Ng'ambo kulikuwa na gari la misheni linalosubiri, dereva ameshawasha injini. Maji yalikuwa yamejaa pande zote mbili.

"Shusheni," Wankyo alisema. "Nipitisheni majini."

"Mama, maji yanapita kichwa," alisema mbebaji mmoja, Eliasi.

"Basi niacheni hapa. Mimi sipiti juu ya mama yangu."

Alijiviringisha kitandani ili aanguke, wakamshika. Wabebaji wakatazamana. Thadeo akavua viatu vyake, akaviacha kwenye majani. Akachuchumaa mbele ya kitanda, akampa dada yake mgongo.

"Panda, Dada. Wewe hukanyagi. Ninayekanyaga ni mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza Thadeo kumsemesha tangu siku ya kibuyu. Wankyo alipumua kwa shida. Kisha mikono yake, iliyokuwa ya moto kwa homa, ikamzunguka Thadeo shingoni.

Akaingia naye kwenye tuta. Alikwenda polepole mno, akiuweka kila mguu chini kwa uangalifu, na dereva ng'ambo akapiga honi.

"Thadeo," Wankyo alisema sikioni mwake, walipofika katikati. "Ni hapa?"

"Sijui, Dada. Ndiyo maana natembea hivi kote."