Mlingoti wa Antena

Juzi, nyumbani kwa Susu, nyanya yangu wa Matiliku, nilikuta mlingoti wa antena umefungiwa kamba ya kuanikia nguo. Nikacheka peke yangu.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, kwaya ya Mama ilikuwa ikiimba moja kwa moja kwenye stesheni yetu ya runinga ya Kikamba, nami nikawekwa nje kuushika mlingoti huo ili picha isikatike. Kila nilipoachilia mlingoti, Susu alipiga kelele kutoka ndani: "Mama yako amepotea! Shika tena!"

Nikashika kwa mikono miwili, chuma kikinuka kutu, vigelegele vya majirani vikitoka dirishani. Niliamini nikiachilia, Mama ataanguka.

Mama aliporudi aliniuliza, "Uliniona?"

"Sikukuona, Mama. Nilikuwa nimekushika."

Alinibeba mgongoni mpaka jikoni, miguu yangu mirefu ikiburuta vumbi.