Kijiti Kimoja cha Wanja

Nyumbani kwetu Rahaleo macho mekundu yalianza kwa dada yangu, aliyekuwa na kichanga ndani. Mimi, ambaye elimu yangu yote ya magonjwa nimeiokota kwenye simu, nikajipa cheo. Kila mtu taulo lake, kila mtu mto wake. Foronya nilizichemsha. Vitasa vya milango nilivifuta mpaka rangi ikaanza kutoka. Mtu akipita bila kunawa, namrudisha bombani. Ndivyo nilivyo.

"Mke mwenzangu," bibi alinitania, "siku ukiolewa, na mume utamchemsha?"

Dada akacheka mpaka machozi yakamchoma.

Hata hivyo bibi akaugua. Kisha mimi. Nikashangaa, nikaongeza sabuni. Kilichonipa usingizi ni kimoja tu: macho ya mtoto yalikuwa bado safi.

Asubuhi moja dada akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kope za mtoto zilikuwa zimevimba, zimegandana kwa usaha. Analia, lakini macho hayafunguki.

"Mleteni nimpake wanja," bibi akasema. "Wanja husafisha jicho."

Akachukua kichupa chake cha wanja wa manga. Akachovya kijiti, akakipitisha kwenye kope zake mwenyewe, kama afanyavyo kila asubuhi akishaoga. Akachovya tena, akampaka dada. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshasogea na kuinua uso, nasubiri zamu yangu.

Hapo nikakiona kijiti. Kila asubuhi! Jicho la bibi, la dada, langu, na mwisho la mtoto, ili asipatwe na kijicho. Nilikuwa nachemsha foronya huku ugonjwa unapitishwa mbele ya uso wangu, nami naufumbulia macho.

Kijiti kikaelekea kwa mtoto. Nikamdaka bibi mkono, kwa nguvu.

"Unanishika mimi?"

"Bibi, ni hicho kijiti. Ndicho kinachotuambukiza."

"Mama yako nimempaka mimi. Wewe nimekupaka mimi. Nani kapofuka?"

Dada ndiye aliyenyanyuka, akamfunga mtoto kwa kanga, tukatoka mbio hadi zahanati.

"Jicho la kichanga halisubiri kesho," muuguzi alituambia huku akimsafisha. Akampa dawa, akatupa na sisi. Dada akamuuliza kama mtoto ataona. Akasema tumpe dawa bila kuruka, tumrudishe asubuhi.

Jicho la kulia lilifunguka kesho yake. La kushoto likatuweka roho juu. Lilipofunguka nalo, bibi, ambaye hakuwa amenisemesha tangu nimshike mkono, alisogea kitandani taratibu, akainama juu ya mtoto.

"Ananiona?" akaniuliza.

"Anakuona, bibi."

Sikuwa na hakika.