Kijiti Katika Tuta la Mama

Mama alikaa Haltom City, huku Texas, miaka miwili bila kushika jembe, na niliona jinsi kukaa bure kulivyomchosha kuliko kazi. Kule Kivu, Kongo, alitulisha watoto sita kwa shamba lake. Hapa alishinda dirishani akitazama magari ya majirani. Kwa hiyo kanisa letu lilipogawa viwanja vya bustani, nilimwandikisha siku hiyo hiyo.

Alipanda lengalenga, ndio mchicha, pamoja na matembele na bilinganya. Joto la Texas lilipopamba moto, majani yakawa yanalegea kila mchana. Mama akadhani yana kiu. Akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, na bado yakazidi kuwa ya manjano. Siku moja nilirudi kutoka kazini Euless, kwenye ghala la mizigo, nikamkuta ameketi kitandani na viatu vyenye matope.

"Udongo wa huku umenikataa," aliniambia.

Jirani yetu wa bustani, baba mmoja Mrundi anayefanya kazi hotelini, alikuwa na vijiti vya kupima unyevu ardhini. Vinatuma habari kwenye simu. Nilimwomba alete kimoja. Alikichomeka kwenye tuta la Mama, akafungua simu, na kioo chote kikawa buluu.

"Mama, udongo huu umeshiba maji," alisema kwa upole. "Mizizi inakosa hewa."

"Mimi nililima mbele ya kuzaa huyu," Mama akajibu, akininyooshea kidole. "Leo kijiti ndicho kitanifundisha?"

Jirani hakubishana. Alimwomba tu afukue kidogo. Mama akapiga magoti. Juu palikuwa pakavu, vumbi tupu. Chini yake akakuta matope yanayonuka. Aling'oa shina moja, akaitazama mizizi ya kahawia iliyolainika, kisha akamgeukia jirani.

"Na udongo ukikauka, simu inaonyesha nini?"

"Nyekundu, Mama."

Mama hakusoma shule, lakini rangi hazimpigi chenga. Nilimnunulia kijiti chake, nikakiunganisha na simu yake, na mpira wenye matundu unaodondosha maji kidogo kidogo kwenye mizizi. Tukapanda upya. Siku tatu za mwanzo simu ilibaki buluu, naye hakumwagilia, ila alizunguka tuta kama mtu aliyemnyima mtoto chakula. Wiki ya pili majani yakatoka ya kijani kibichi, na maji tuliyotumia hayakufika nusu ya yale ya zamani.

Kisha mchana mmoja alinipigia nikiwa kazini.

"Iko nyekundu, na maji nimefungua tangu asubuhi. Kuna kitu."

"Ningoje, Mama, nitakuja jioni."

Hakuningoja. Alifuata mpira kwa mikono, hatua kwa hatua, akakuta panya ameutafuna karibu na ukuta wa bustani. Akachana kipande cha kitenge, akafunga pale palipovuja. Nilipofika simu ilikuwa inarudi buluu, naye amesimama na wanawake wawili waliohamia karibuni, anawaambia wasikimbilie ndoo kabla hawajatazama udongo.

Jumamosi alivuna beseni zima. Nusu niliipika kwa mawese. Nusu aliipeleka kwa yule jirani, akachelewa kurudi, maana alikuwa anamwonyesha mke wake namna ya kuchuma lengalenga ili shina lichipue tena.